Isale la Mama Judith

Askari aliyevaa fulana yenye picha ya twiga alimwambia Aikande aonje mtori wake mwenyewe. Hakusema kwa ubaya. Alisimama mlangoni mwa jiko, mikono nyuma, akaeleza kwamba ndio utaratibu, kila chungu kinaonjwa kwanza na aliyekipika. Aikande alikuwa amepika mtori katika nyumba hiyo ya Karatu kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa amewalisha wachungaji, madereva wa watalii na wanunuzi wa kahawa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumdhania sumu. Akachota kijiko, akapuliza, akala. Askari akamtazama usoni dakika nzima kuona kama ataanguka.

"Nimekufa?" Aikande akamuuliza.

Kijana wa watu akaona haya, akaomba samahani, kisha akasema bado sufuria ya nyama.

Jirani yake Hyasinta, Mwiraqw aliyepakana naye shamba, alikuwa amekuja asubuhi kumsaidia kumenya ndizi za Mto wa Mbu. Aliinamia beseni asionekane akicheka. Lakini kicheko hakikufika mbali, kwa sababu Hyasinta alijua aliyekuwa akipikiwa ni nani.

Mgeni alikuwa Jenerali Naftali, mkuu wa majeshi ya nchi kavu ya kwao. Jina la nchi hiyo tuliache. Nchi zinazogombana zenyewe kwa zenyewe haziishi, na kutaja moja ni kuzitia nyingine wivu. Rais wao alikuwa amemaliza muda wake tangu mwezi uliopita na amekataa kutoka. Naftali alikuwa upande wa rais. Brigedia Simon, mwenye vifaru vyote vya mji mkuu, alikuwa amevipanga ng'ambo ya mto na kukaa kimya wiki tatu, hasemi yuko upande gani. Na huyo Simon ndiye aliyemwoa Judith, binti pekee wa Aikande. Judith na watoto wake wawili walikuwa katika nyumba za maafisa, upande wa mto ulioshikwa na Naftali, na mlangoni kwao walisimama askari wa Naftali. Ilisemwa kwamba ni kwa usalama wao.

*

Sebuleni, mume wa Aikande alikuwa akipekuliwa. Luteni Kanali mstaafu Eliapenda, aliyewafundisha vijana wa mataifa sita kusoma ramani na kula kiapo, alisimama katikati ya nyumba yake amenyoosha mikono pembeni, huku askari wa rika la mjukuu akimpapasa mbavu. Kwenye mfuko wa ndani wa koti askari akatoa jani refu la kijani, limefungwa fundo moja.

"Nini hiki, mzee?"

"Jani," Eliapenda akasema.

Askari akaligeuzageuza, akalinusa, akaona kweli ni jani, akalirudisha. Simu ya mzee hakuirudisha.

Naftali akaingia akiwa na kofia ya pama ya kitalii. Alikuwa amelala usiku ule katika hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, ameandikishwa getini kama mtalii, na alilalamika kwamba asubuhi hakuona hata nyati mmoja kwa ajili ya ukungu. Akakaa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, ambacho kila mtu wa nyumba ile alijua ni cha Eliapenda. Eliapenda akakaa kwenye stuli. Kilichomuuma zaidi ya kiti ni kwamba miaka yote Naftali alimwita Afande, hata kwenye salamu za Krismasi, na leo alimwita Mzee.

Naftali akaeleza shida yake bila kuzunguka. Simon hamsikilizi rais, hamsikilizi yeye, hamsikilizi askofu. Mtu mmoja tu duniani Simon hajawahi kumbishia, na ni huyu aliyekaa kwenye stuli. Ampigie sasa hivi, amwambie akabidhi vifaru. Akikabidhi, Judith na watoto watakuja Karatu kupumzika. Asipokabidhi, yeye Naftali hawezi kuwajibika kwa yatakayotokea.

"Unaniomba au unaniamuru?" Eliapenda akauliza.

"Nakukumbusha, Mzee. Ulitufundisha utii."

Simu ya Naftali ikawekwa mezani, juu ya kitambaa, sauti ikafunguliwa. Simon alipokea kabla haijalia mara mbili. Eliapenda akamsalimu mkwewe, na kabla hajaendelea Simon akamuuliza kama ana habari za watoto. Naftali akajibu yeye, akasema wako salama nyumbani kwao, wamewekewa walinzi.

"Walinzi wako wanatazama nje," Simon akauliza, "au wanatazama ndani?"

Naftali akaisogeza simu karibu na Eliapenda. Simon akarudi kwa mkwewe, sasa sauti yake imechoka. Akasema hajui la kufanya. Usiku anajiambia kiapo chake ni kwa nchi wala si kwa mtu, kama alivyofundishwa, na asubuhi anakumbuka ule mlango, anawaambia vijana wake wasubiri. Akamwomba Eliapenda amwambie lipi ni sahihi.

Hapo ndipo mzee wa watu alipopatikana. Utii alikuwa amefundisha yeye, na kiapo cha nchi alikuwa amefundisha yeye, katika darasa moja, kwa chaki moja, na wote wawili walikuwa wamesikia vizuri. Akakohoa. Akasema hawezi kulijibu jambo hilo na tumbo tupu, wala wao wasiliamue na tumbo tupu. Ale kwanza mgeni, kisha wapigiane tena saa nane, wote watatu, kwa sauti ya wazi. Naftali akatazama saa, akakubali. Harufu ya mtori ilikuwa imefika sebuleni, na ujenerali haumzuii mtu kuwa na njaa.

Eliapenda alikuwa na mpango wake. Watu wa mlimani, wa kule Kilimanjaro alikozaliwa, wana jani lao la isale. Aliyekosa, au mwenye shida kubwa, hulifunga fundo akampelekea mwenzake, na aliyelipokea hana njia ya kusema hapana. Isale hupelekwa kwa mtu aliyeshiba, ndivyo babu yake alivyomwambia. Basi angesubiri Naftali ale, apigiwe Simon, kisha alitoe jani mezani na kuwaomba wote wawili jambo moja: wasimwage damu. Naftali asingelidharau. Akiwa kuruta aliwahi kumvunja Simon taya kwa ugomvi wa zamu ya lindo, akawa wa kufukuzwa, na ni isale lililomwokoa. Bila jani lile angekuwa leo anauza vocha mtaani kwao.

Mpango ulikuwa mzuri. Kasoro yake ni kwamba hakumwambia mkewe.

*

Aliyelifunga isale lile la zamani alikuwa Aikande. Ndiye aliyemkuta kuruta Naftali analia nyuma ya jiko lao la chuo cha jeshi, akamfundisha namna ya kulishika, akamsukuma hadi mlango wa mume wake. Kwa hiyo naye hakuhitaji kufundishwa na mtu. Alipokwisha kuonja nyama, alitoka kama anayekwenda kuchuma mchicha, akafika kwenye safu ya masale iliyotenga jiko na kahawa, akakata moja. Hyasinta alimwona akilifunga, hakuuliza.

Mgeni hunawishwa na mwenye nyumba. Aikande akaingia sebuleni na jagi na beseni, taulo begani, akapiga goti moja mbele ya kiti cha mumewe. Naftali akataka kumwinua, akasema Mama usinifanyie hivyo. Aikande akammiminia maji polepole, kidole kwa kidole, kama alivyokuwa akimnawisha akija likizo mikono imejaa grisi ya bunduki. Kisha akamkabidhi taulo. Naftali akalifungua ajifute, na isale likawa tayari mikononi mwake.

Eliapenda akainuka nusu kwenye stuli, mkono kwenye koti, akabaki hivyo hivyo.

"Mama," Naftali akasema. Sauti ilikuwa ya yule kuruta. "Unaomba nini?"

Watu wenye elimu wakisimuliwa jambo hili husema papo hapo kwamba angeomba amani. Ni rahisi kusema. Wao hawakuwa na Judith kule. Aikande alimtazama mumewe, akaona uso wake unamkataza kitu, hakuelewa ni kitu gani, akadhani anaona aibu kwa mkewe kupiga goti.

"Nataka Judith na watoto wake. Kesho wawe hapa."

"Fikiri, Mama. Isale halirudi."

"Nimefikiri wiki tatu."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo."

Naftali akalikunja jani, akalitia mfuko wa shati, akachukua simu. Alizungumza kwa lugha ya kwao, kwa kifupi, kama mtu anayeagiza mafuta ya gari. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili Aikande asikie, kwamba kuna ndege kesho saa tatu asubuhi, nafasi nne: Judith, watoto wawili, na mtu wa kuwasaidia mizigo. Aikande akaanza kulia pale pale kwenye zulia, bila kujificha. Alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuipata hata siku ya kuzaa.

Ndipo Eliapenda akatoa jani lake. Alilishika kwa mikono miwili, fundo mbele, kama alivyokuwa akishika bendera.

"Rudisha mfukoni, Afande," Naftali akasema. "Nyumba moja haimletei mtu isale mara mbili. Nilifundishwa na ninyi wenyewe."

"Hili ni la wote. Ni la nchi yako."

"Ungelitoa mwanzo." Akasimama, akavaa kofia yake. "Unajua kwa nini vifaru vya Simon havijatembea wiki tatu? Unadhani ni katiba? Ni ule mlango. Nilikuwa nimemshika pale pale. Kesho saa tatu hana cha kuogopa."

Eliapenda akamuuliza basi kwa nini amekubali.

"Nimelipokea. Ulitaka nifanyeje?"

Akaondoka bila kuugusa mtori. Magari mawili yenye vioo vyeusi yakashuka barabara ya Oldeani yakitimua vumbi jekundu, na vumbi likatua kwenye kahawa. Saa nane Eliapenda alipiga simu kwa Simon mwenyewe, kwa simu yake aliyorudishiwa. Alimsihi asivuke daraja. Simon aliuliza swali moja tu, ndege ni saa ngapi.

*

Siku ile Eliapenda alimwambia mkewe maneno ambayo hakuwahi kumwambia katika ndoa yao. Alisema mkewe amechoma nyumba za watu ili apashe uji wa wajukuu wake. Aikande alikuwa akikwangua sufuria. Akauliza kwa nini hakumwambia kwamba ana jani.

"Ningekuambia, ungeomba nini?"

Aikande akafikiri kwa haki kabisa. "Judith," akasema.

"Ndiyo sababu sikukuambia."

"Basi tumekosa wote wawili, Baba Judith. Ila mimi nimepata mtoto."

Eliapenda akatoka akaenda kukaa kwenye kahawa mpaka chakula kikapoa. Mtori ule alipewa Hyasinta akawapelekee wanawe.

*

Walifika Ijumaa saa kumi jioni kwa gari la kukodi kutoka uwanja wa ndege, watoto wametapika kwenye mlima wa Mto wa Mbu na wamelala. Judith alishuka na begi moja. Nyuma yake akashuka mwanamke mwembamba wa makamo, amembeba yule mdogo mgongoni. Aliitwa Martha, na ndiye aliyekuwa akiwalea. Nafasi ya nne ya ndege ilikuwa yake.

Aikande aliwashika mmoja mmoja, mabega, vichwa, masikio, kama anayekagua kama wamerudi wote. Majirani walikuja na vigelegele. Kisha redio ikasema. Vifaru vilivuka daraja saa nne asubuhi, mapigano yanaendelea katika mitaa ya kandokando ya mto, idadi ya waliokufa haijajulikana.

Judith alisikiliza akiwa amesimama. Aliwaambia wazazi wake kwamba Simon alimpigia akiwa ameshakaa ndani ya ndege. Alimwambia asizime simu mpaka mlango wa ndege ufungwe. Alipomwambia umefungwa, Simon akasema asante, akakata. "Nilidhani ananishukuru kwa kusafiri," Judith akasema, akaingia chumbani alikolala akiwa msichana, akafunga mlango.

Martha alikuwa jikoni. Hakuna aliyemwambia aingie jikoni, lakini alikuwa ameona ndizi hazijamenywa, akachukua kisu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kinatosha kazi. Hyasinta alimuuliza kama ana watoto. Akasema watatu, wako kwa mama yake, karibu na daraja, nyumba ya tatu ukitoka kwa fundi baiskeli. Alisema nyumba ya tatu kwa uangalifu, kama vile Hyasinta angekwenda kuwaangalia.

Aikande alisikia kutoka sebuleni. Hapo furaha yake ikaanza kumwonea haya, na yeye akaanza kuionea haya. Haikuondoka lakini. Kila mtoto alipocheka uani, moyo wake ulimruka, na kila moyo uliporuka alimtazama Martha aone kama amemwona.

*

Jumapili mchungaji alitangaza shukrani. Aikande aliitwa mbele pamoja na Judith na watoto, kwaya ikaimba, waumini wakaja na khanga, sabuni na mchele. Mchungaji akasema Mungu ni mwema, amewatoa katika tanuru. Watu wakapiga makofi. Martha, aliyeketi benchi la nyuma na Hyasinta, akapiga makofi pia, kwa kuwa wengine walikuwa wakipiga. Eliapenda hakusimama. Kanisa zima liliona mzee wa kanisa amekaa wakati familia yake inashukuru, na njiani watu walimsalimu Aikande kwa huruma, ikawa ni aibu juu ya baraka.

Tangu Ijumaa Martha alikuwa akipiga namba ya mama yake kwa simu ya kuazima. Alikuwa akipiga baada ya kuosha vyombo, baada ya kufagia, baada ya kulisha watoto, na kila mara alisikiliza maneno ya yule mwanamke wa mtandao hadi mwisho, kisha akairudisha simu kwa mikono miwili na kushukuru. Judith alikuwa akimwazima simu bila kumtazama.

Jumatatu asubuhi Aikande akaenda kwenye safu ya masale. Ukungu wa Ngorongoro ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kahawa na majani yalikuwa yamelowa. Akachagua isale lenye afya, akalifunga. Martha alikuwa uani, anafua nguo za watoto. Aikande akapiga magoti yote mawili kwenye udongo ulioloa povu, akamnyooshea jani.

Martha akaruka akasimama. Akafuta mikono kwa haraka kwenye kitenge na kulipokea kwa mikono miwili, maana mtu mzima akikupa kitu hupokei kwa mmoja. Akalitazama jani, akalitazama fundo.

"Asante, Bibi," akasema. "Ni dawa ya watoto? Niichemshe na maji kiasi gani?"

Aikande alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri, na yote yalimpotea. Eliapenda, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jiko bila wao kujua, ndiye aliyesema. Akamweleza kwa Kiswahili chepesi kwamba si dawa. Mtu akimkosea mwenzake humpelekea hilo, au akiwa na ombi zito sana. Na aliyelipokea hawezi kukataa. Akaeleza kwamba ni isale lililowatoa watoto kule. Mama Judith alimpa jenerali, naye akawaachia.

Martha alisikiliza sana. Hakuuliza amekosewa nini. Alikuwa ameshika neno moja tu katika yote hayo.

"Jenerali alishindwa kukataa?"

"Alishindwa," Eliapenda akasema.

"Na huyu mwingine? Baba wa watoto? Naye hawezi?"

Kule upande wa pili wa jiko redio ilikuwa ikisema daraja limevunjwa.

Martha akavuta ndoo, akaigeuza, akamfutia Aikande mahali pa kukaa kwa ncha ya kitenge chake. Alilifungua lile fundo taratibu ili lisichanike, akalinyoosha jani juu ya goti, akamrudishia.

"Nifundishe kufunga, Bibi," akasema. "Wangu ni watatu."

Eliapenda akatia mkono ndani ya koti, akatoa lile jani lake la Alhamisi, limeshakauka, akamwekea Martha pajani lipate kuwa la kujifunzia. Aikande akakaa kwenye ndoo. Akamshika Martha vidole, vilivyokuwa bado na sabuni, akamwonyesha ncha inakopita.